Baba Ni Mumoja

“Mama Joséphine-Marie, mufu anazalaka?”

Vestine aliniuliza hivyo kwenye robine, akishika bidoni yake ili maji yasimwagike. Aliuliza huku anacheka, na wanawake waliokuwa nyuma yetu kwenye mustari walinyamaza wasikie nitajibu nini.

“Muulize padri,” nikamwambia.

“Padri hamujue Sébastien. Ni miye na weye njo tunamujua. Tulimuzika pamoja kule Kashebere. Sasa naona Nadine iko na tumbo, nauliza ni ya nani, mama-mukwe wake ananijibu: ya Sébastien.” Akajitwika bidoni. “Kama wafu wanazalaka, na miye niko na wangu mu kaburi. Nitamutumia habari, aache uvivu.”

Walicheka wote. Nilijaza maji yangu, nikapanda kilima nikishika rozari mufukoni. Kwetu nyumbani swali la Vestine halikuwa la kucheka. Lilikuwa swali la kunyamazia.

Sisi ni watu wa Kashebere, pale kwenye barabara, Walikale inapoishia na Masisi kuanza. Bunduki zilitutoa kule. Tulitembea mpaka tukafika juu ya kilima hiki, ambapo unaona ziwa chini na mabati ya hospitali ya Kirotshe yanang’aa kando ya maji. Papa Léopold, mutu ambaye hatukumujua hata jina, alitufungulia nyumba yake ya nyuma. Siku za kwanza alitutazama toka mulangoni bila kusema, na bibi yake alifungia chumvi mu sanduku. Usiku mbwa wao alilala kwenye kizingiti chetu, si cha kwao. Kisha polepole wakatuzoea. Watoto walicheza pamoja, bibi yake akaanza kutuomba moto, tukaanza kula maharagi mu sahani moja. Hakuna aliyetuambia siku ambayo tuliacha kuwa wageni. Ilikuja yenyewe.

Mu nyumba ile tulikuwa mimi, Nadine binti yangu wa ubatizo, wasichana wake wawili, Darius shemeji yake, na mama-mukwe wake, ambaye watu wanamuita Mama Sébastien kwa jina la muzaliwa wake wa kwanza.

Sébastien, bwana wa Nadine, alikufa kule kwetu miaka miwili mbele ya vita kutufukuza. Gari la kubeba mbao liligeuka kwenye matope, naye alikuwa amekaa juu ya muzigo. Matanga yalipoisha, wazee wa ukoo wake walitoka Itebero, wakatembea mu pori mpaka kwetu, wakaketi, wakamwambia Darius, mudogo wa marehemu: ingia mu nyumba ya kaka yako, umuzalie. Si ujizalie wewe. Umuzalie yeye. Mutoto atakuwa wa Sébastien, ataitwa Sébastien, na siku ya kuzaliwa atapokelewa katika shati la Sébastien. Na mpaka mutoto huyo atembee, mutu asitamke kwamba ni wa Darius, kwa maana mufu akisikia ameibiwa, atakuja kuchukua kilicho chake.

Wengi kule pori wameisha kuacha mambo hayo, na kanisa linayakataza. Mimi pia ndugu za bwana wangu walinijia hivyo nilipofiwa. Nilikataa, wakanitolea maneno, nikahamia karibu na kanisa. Lakini Nadine alikuwa na wasichana wadogo na shamba ambalo ukoo ungemunyang’anya. Sikumuhukumu. Nilimuombea tu.

Mama Sébastien alikimbia vita akiacha sufuria, akibeba shati. Lilikuwa la bluu, lenye mistari, kola imeliwa na jasho la mwanawe. Alilitundika kwenye musumari juu ya kitanda cha Nadine. Na watu wa kilima walipouliza bwana wa Nadine yuko wapi, alijibu: “Amebakia Kashebere.” Hakuna aliyeweza kusema kwamba alidanganya.

Mimba ya Nadine ilienda vizuri mpaka mwezi wa saba. Baadaye nilianza kuona vitu.

Mimi ni mutu wa kuangalia. Mungu alininyima masomo mengi, nilifika darasa la sita nikaacha, lakini macho alinipa. Niliona kwamba asubuhi uso wa Nadine umejaa kama mutu aliyelia usiku kucha, na hakuwa amelia. Niliona kwamba kandambili haziingii tena. Pete ya Sébastien aliitoa kwa sabuni, na alama yake ilibaki kwenye kidole kama kamba imefungwa pale. Nilibonyeza muguu wake kwa dole gumba. Shimo lilikaa, halikurudi.

“Ni mutoto mwanaume,” Mama Sébastien akasema. “Mwanaume analemeaka.”

“Wale wasichana hawakumuvimbisha hivi.”

“Si nakuambia ni mwanaume? Joséphine-Marie, weye ulizala mara ngapi ujue kushinda miye?”

Mungu hakunipa mutoto, na Mama Sébastien alijua mahali pa kunichoma.

Siku iliyofuata Nadine alikuwa anachagua maharagi pamoja nami nje, mu jua. Mara akaacha mikono hewani.

“Mama,” akaniambia kwa sauti ndogo, “kuna vimuli.”

“Vimuli gani, na jua hili?”

“Hapa mbele ya macho. Vidogo vidogo. Vinakuja, vinapotea. Tangu jana.” Akashika paji la uso. “Na kichwa. Kama mutu ananikaza kamba.”

Mama Sébastien alikuwa mulangoni. Alishuka kizingiti polepole, akapiga magoti mbele ya mukaza-mwana wake, na nikaona uso wake umefunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipomuzika mwanawe.

“Njo yeye,” akasema. “Ni bwana yako. Anakuja kuangalia mutoto wake.”

Nadine alimutazama, akatabasamu, na mikono yake ikaanza kutetemeka mu ungo hata maharagi yakalia. Nilifanya alama ya musalaba. Sikujua ninajikinga na nini: na ugonjwa, ao na yule aliyekuwa anakuja mchana kutazama mutoto asiye wake.

“Twende kituo cha santé,” nikasema.

“Alishaenda,” Mama Sébastien akasema. “Alipimwa. Walisema iko muzuri.”

“Walimupima nini?”

“Tumbo,” Nadine akajibu. “Infirmière aliniuliza mimba ya ngapi. Nikasema ya tatu. Akauliza kama zile mbili zilinisumbua. Nikasema hapana. Akauliza kama baba ni mumoja.”

“Ukamujibu nini?”

Nadine akainamisha kichwa. Ni Mama Sébastien aliyejibu.

“Miye njo nilimujibu. Baba ni mumoja. Unataka ningesema nini?”

Sikuwa nimeelewa bado kwa nini muuguzi anauliza jambo hilo. Nilidhani ni udaku tu, kama wa Vestine kwenye robine. Lakini vimuli vile vilininyima usingizi, na jua lilipotoka nilimukamata Nadine mukono, nikamwambia mama-mukwe wake kwamba tunaenda, yeye akipenda atufuate. Alitufuata. Shati alilitoa kwenye musumari, akalifunga mu kitenge, akakiweka kifuani. Hakutaka kuliacha, asije mutoto akatokea njiani akakosa cha kumupokea. Darius alikuja nyuma yetu, mikono mufukoni, kama shemeji anayesindikiza tu.

Muuguzi wa kituo anaitwa Claudette. Ni mwanamuke mufupi, mwenye sauti ya uchovu, na siku ile benchi ilikuwa imejaa wakimbizi kama sisi. Alimutazama Nadine machoni, akamugusa paji la uso.

“Una homa?”

“Kidogo. Kichwa.”

“Ni malaria. Watu wote wanaikuta hapa, hamuna moskitero ya kuzuia mbu kule munalala. Nitamupatia dawa.”

“Na kuvimba?” nikauliza. “Na vimuli mu macho?”

Akanitazama vizuri mara ya kwanza. “Vimuli?”

“Anaviona tangu juzi.”

Claudette akaweka kalamu chini. “Mama, mashine yetu ya tension, ya kupimia nguvu ya damu, iliibiwa siku wenye bunduki walipita. Vikaratasi vya kupimia mukojo vimebakia viwili. Viwili tu kwa kilima muzima, na sijue lini watatuletea vingine. Navibakishia wenye hatari: musichana mwenye mimba ya kwanza, ao mwanamuke mwenye amebadilisha bwana. Huyu ni mimba ya tatu, na baba ni mumoja. Njo waliniambia. Si ni vile?”

“Ni vile,” Mama Sébastien akasema toka mulangoni.

“Sasa nikimutumia kikaratasi, kesho katoto ka miaka kumi na saba kakikuja hapa na tumbo yake ya kwanza, nitakapima na nini?”

Alisema bila ubaya. Nilisikia kwamba alikuwa amejiuliza jambo hilo mara nyingi. Nadine alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefungwa. Nikasema, “Claudette mwanangu, nifasirie. Bwana akibadilika, kwa nini ni hatari? Tumbo si ni lile lile?”

Nje mutu alikuwa anakohoa. Claudette akajibu haraka, kama mutu anayerudilia somo.

“Mutoto ni nusu ya mama, nusu ya baba. Ile nusu ya baba, mwili ya mama haiijui. Mu damu muko walinzi. Mwiba ukiingia mu kidole, wanakuja wanapigana nao, njo maana panatoka usaha. Wao kila kitu chenye hawajue wanakifukuza. Sasa jiulize: mutoto iko mugeni, miezi tisa iko mule ndani, mbona hawamufukuze?”

“Mungu anawazuia.”

“Mungu anawazuia na njia yake. Kuna walinzi wengine, kazi yao ni kutuliza wenzao, kuwaambia: huyu mumuache, tunamujua. Na kondo ya mutoto nayo inajionyesha kwao pole pole, inaingiza mizizi yake mu tumbo na wanaiachia njia. Lakini ni mambo ya kuzoea. Mwili inazoea mambo ya yule bwana, toka hata mbele ya mimba. Ya kwanza kuzoea iko nguvu. Ya pili, ya tatu, baba ameshajulikana. Bwana mwingine akikuja, ni kama kuanza upya.” Akainua mukono. “Haiko lazima wapigane. Wengi wanazala muzuri kabisa. Na waganga wenyewe hawajamaliza kuelewa yote. Lakini wakikosa kuelewana, mizizi ya kondo inakuwa mifupi, damu haifike muzuri. Tension inapanda. Mama anavimba, kichwa kinauma, anaona vimuli. Kisha kifafa. Ikifika kifafa, mara anaondoka yeye, mara mutoto, mara wote.”

Mu mawazo yangu nilimuona Papa Léopold mulangoni mwake, na mbwa wake kwenye kizingiti chetu. Nilielewa kabisa. Wasichana wawili wa Sébastien walikuwa wamepita mu nyumba hii ya mwili wa Nadine, na nyumba ikamujua baba yao. Sasa amekuja mugeni mwingine, na sisi tulisimama mulangoni tukawaambia walinzi kwamba ni yule yule wa siku zote. Sisi wenye midomo tunaweza kuamini hivyo. Walinzi wa damu hawawezi kudanganywa kwa jina.

“Nipatie dakika,” nikamwambia Claudette.

Darius alikuwa nje, ameketi juu ya jiwe, anakata jani vipande vipande. Ni mutu mupole. Kule Kashebere alisukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, chenye magunia ya makaa, na hakuna aliyewahi kumusikia akigombana na mutu.

“Ingia useme,” nikamwambia.

“Niseme nini, Mama?”

“Unajua.”

Akaangalia mulango. “Mama ameshaniambia: nikifungua kinywa, mutoto anakufa. Kaka atamuchukua.”

“Na ukinyamaza, Nadine anakufa. Umesikia vile infirmière alisema.”

“Nimesikia.” Macho yake yalikuwa mekundu. “Mama Joséphine-Marie, weye uko mutu wa sala. Niambie basi. Kaka iko anatusikia ao hatusikii?”

Ningependa kuandika kwamba nilimujibu kwa imani. Lakini nilimujua Sébastien. Alikuwa mutu wa wivu, ambaye hakupenda hata mutu akae kwenye kiti chake.

“Sijui,” nikasema. “Sala yangu njo hii: kama anasikia, aelewe.”

Darius hakusimama. Nikarudi ndani peke yangu. Mama Sébastien aliona uso wangu, akasimama katikati ya mulango na kitenge chake kifuani.

“Joséphine-Marie,” akasema chini chini, “mule ndani iko mutoto wa mwanangu. Njo kitu kimoja kimebakia yake. Ukisema lile neno na mutoto akakufa, ni weye utakuwa umemuua. Nitalisema mbele ya shirika lote la kanisa, mbele ya padri. Mutu hatakupa maji tena.”

“Nipitishe, mama.”

“Umesikia?”

“Nimesikia. Nipitishe.”

Nilipita kando ya bega lake, na nilisikia harufu ya lile shati, harufu ya mutu niliyemujua akiwa hai. Nikasema, “Claudette, baba wa mimba hii si baba wa wale wasichana. Sébastien alikufa. Mimba ni ya mudogo wake.”

Nyuma yangu mutu alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Claudette hakuuliza kitu. Hakutucheka, hakututukana. Alifungua kabati, akatoa kichupa, akamupeleka Nadine nyuma ya pazia.

Waliporudi, kikaratasi kilikuwa kimebadilika rangi mpaka kijani kizito. Claudette alikitazama mbele ya dirisha, akakitazama tena, kisha akaongea na sauti ambayo haikuwa na uchovu tena.

“Anashuka Kirotshe sasa hivi. Mu kipoyi, abebwe begani, asitembee. Napiga simu wamungojee.”

Asubuhi ile milio ya bunduki ilikuwa imesikika upande wa barabara, na wanaume wa kilima walikuwa wamekataa kushuka. Lakini kwa mugonjwa aliyetumwa na muuguzi, wenye kulinda barrière, kile kizuizi cha barabara, huwa wanaachia njia, mara nyingi. Wanne walikubali. Mubebaji wa mbele upande wa kushoto alikuwa Darius. Hakuna aliyemuita, alikuja tu akaweka muti begani.

Tulishuka mu njia ya migomba. Nadine alilala kwenye kipoyi, kitambaa machoni kwa sababu mwanga ulimuumiza. Mimi nilishika ukingo upande mumoja. Mama Sébastien alitembea upande wa pili, kitenge kifuani. Nilikuwa nasali Salamu Maria ile ile, narudi mwanzo, narudi mwanzo, sifiki mwisho.

Tulipokaribia barrière, Nadine alisema, “Sébastien.”

Alisema wazi, kama anayeita mutu aliyeko upande wa pili wa njia. Kisha mwili wake ukakakamaa. Meno yakagongana. Mikono ikaanza kupiga mbao za kipoyi, macho yakageuka meupe, povu likatoka na damu kidogo pembeni mwa mudomo. Wabebaji walikuwa karibu kumuangusha.

“Amekuja,” Mama Sébastien akasema. “Amesikia. Amekuja kuchukua.”

Mimi, niliyebatizwa nikiwa mutoto mchanga, ninayekomunika kila misa ya dimanche, nilitazama kando ya njia ili nimuone. Ni kweli. Nilitazama mu migomba nikitafuta mistari ya bluu. Majani yalikuwa yanatikisika, na nilikuwa na hakika kwamba kama nitamuona, moyo utasimama.

“Mumulaze upande,” Darius akapiga kelele. “Infirmière alisema, upande wa kushoto, na tusimutie kitu mu kinywa. Mama, kamata kichwa.”

Nilikamata. Kichwa chake kiligonga kiganja changu, kikagonga, kikagonga, kisha kikatulia. Akaanza kupumua na sauti nzito kama ya mutu mwenye kukoroma. Tulisimama pale wote tukisikiliza pumzi ile. Kijana mwenye bunduki kwenye barrière alikuwa ameona yote. Aliinua kamba mbele hatujafika, akageuza uso upande wa ziwa.

Kule Kirotshe walikuwa wanatungojea kweli. Walimuchoma sindano ya kuzuia kifafa, wakamupima tension, na Docta Niyonsenga, mwanamuke mwembamba mwenye miwani, alisema hakuna dawa nyingine ya ugonjwa huu zaidi ya kumutoa mutoto. Kondo ikitoka, vita vinaisha. Walimuingiza. Mulango ukafungwa.

Tulikaa kwenye ukuta wa nje tukitazama ziwa. Wanawake walikuwa wanaanika sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye neti, wanataniana juu ya bwana wa mumoja wao, kama vile hakuna kitu duniani. Mama Sébastien alikaa mbali nami, kitenge juu ya magoti, mikono miwili juu ya kitenge. Darius alisimama. Mara moja akanisogelea.

“Alimuita kaka,” akasema.

“Alikuwa na kichwa kibaya. Hakujua anasema nini.”

“Alimuita kaka, Mama. Si miye.”

Nikamushika mukono. Nikaushikilia mpaka mulango ulipofunguliwa.

Mutoto alikuwa mwanaume. Mudogo sana, ngozi imekunjana, na sauti nyembamba kama ya paka. Mukunga alimuleta amefungwa mu kitambaa cha hospitali. Alisema mama anapumua muzuri, tension imeanza kushuka kidogo, lakini hatari haijaisha, watamuangalia usiku na mchana. Docta alikuja nyuma yake, amechoka, akituangalia mumoja mumoja.

“Mutoto iko baridi,” akasema. “Mama bado analala, hawezi kumukamata. Nataka kifua cha baba, ngozi kwa ngozi, sasa. Baba yake iko nani hapa?”

Mama Sébastien alikuwa amesimama. Alikuwa amefungua kitenge, na shati lilikuwa mikononi mwake, limetandazwa, tayari. Alimutazama Darius. Sikuwahi kuona mama akimutazama mutoto wake hivyo, kama anayemuomba asianguke.

Darius alimutazama mama yake, akatazama shati. Vifungo vya shati lake mwenyewe alianza kuvifungua, kimoja, kingine, na vidole vilikuwa vinakosa.

“Ni miye,” akasema. “Mutoto ni wangu. Sébastien ni kaka yangu, alikufa.”

Mukunga akamuweka mutoto kwenye kifua chake. Sote tulingojea, sijui nini. Mimi nilingojea mutoto anyamaze. Kweli alinyamaza, na katika kunyamaza kule nilishika ukuta nisianguke. Kisha nikaona mugongo wake mudogo unapanda na kushuka chini ya mukono wa Darius. Alikuwa amesikia joto.

Mama Sébastien aliendelea kusimama na shati. Akalikung’uta kidogo, akakunja mikono ndani, akakunja katikati, akalainisha kola iliyoliwa, kama vile tulivyokunja nguo zote za Sébastien kule Kashebere siku ya kumaliza matanga, zote isipokuwa ile. Alilifunga mu kitenge. Akasogea, akagusa unyayo wa mutoto kwa kidole kimoja, akaona kwamba unajivuta.

Halafu akaondoka, akapita mbele ya wanawake wa sambaza.